Toa Mtu Mmoja Uone

Wasee, leo hakuna video. Leo ni kusoma. Kuna namba nataka tuongee juu yake:

47,564,296.

Usiiruke. Najua ukiona namba ndefu macho yanateleza yenyewe, unasoma "milioni arobaini na kitu" unaendelea na maisha. Hata mimi nilikuwa hivyo. Lakini hii namba, kama ulikuwa Kenya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 na karani akakuandika, wewe uko ndani yake. Na shosho wangu yuko ndani yake. Kidogo tu angekosekana, na hiyo ndiyo stori.

Wengi wenu mnajua Kenol kwa kupita. Ukitoka Nairobi ukienda Nyeri, gari linasimama hapa, unanunua ndizi ama nyama choma, unaenda. Hata jina lenyewe tulipewa na kituo cha mafuta. Sasa ukikulia mji wa kupita, unazoea kuulizwa "kwani kuna watu hukaa hapo?" Wako, buda. Mathe wangu anauza matunda karibu na stage, na sisi tulikuwa tunakaa ploti moja nyuma ya barabara, nyumba ya chumba kimoja, pazia katikati.

Biashara ya matunda mathe aliirithi kwa shosho. Shosho alikuwa anakaa Sabasaba, lakini miaka mingi aliuza parachichi hapa Kenol. Hakusoma shule. Hesabu yake ilikuwa ya mafungu. Anamwaga gunia kwa turubai, anapanga tano tano, fungu moja bei moja. Zile zinazobaki mwishoni, ambazo hazitoshi fungu, anatuambia sisi watoto: "Hizo ni zenu." Mnaelewa vile tulikuwa tunaomba? Tulitaka zibaki nne. Zikitoshea sawa sawa bila kubaki, hiyo siku tunalala bila avo. Sikujua wakati huo kwamba ninafundishwa hesabu ya kugawa na baki. Nilidhani ni njaa tu.

Turudi 2019. Nilikuwa kidato cha kwanza, shule zilikuwa zimefungwa za Agosti. Shosho alikuja kwetu siku ya Ijumaa kwa sababu alikuwa na kliniki Jumatatu na Kenol ni rahisi kupata gari. Jumamosi usiku ndiyo ilikuwa ile usiku ya sensa. Karani alifika kwetu Jumatatu jioni, kijana tu, amebeba tableti, kwa sababu hiyo sensa ndiyo ya kwanza Kenya kufanywa bila makaratasi.

Akauliza nani alilala hapa usiku wa Jumamosi. Mathe akajitaja, akanitaja, akamtaja ndugu yangu mdogo. Akanyamaza.

Karani akaangalia kitandani. Shosho alikuwa amekaa pale anachambua maharagwe.

"Na cucu?"

"Huyu ni wa Sabasaba," mathe akasema. "Ataandikwa kwake."

"Jumamosi alilala wapi?"

"Hapa."

"Basi anaandikwa hapa, mama. Kwake kuna mtu mwingine?"

Hakukuwa na mtu. Nyumba ya shosho ilikuwa na kufuli. Karani wa huko angebisha, akose mtu, na shosho apotee kati ya Sabasaba na Kenol kama mzigo uliosahaulika kwa gari. Shosho akainua kichwa kutoka kwa maharagwe akasema kwa Kikuyu kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama, "Kwani mimi si mtu?" Tukacheka wote.

Maswali yakaanza. Umri, alikozaliwa, shule. Halafu karani akamuuliza amezaa watoto wangapi.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Wazee wetu hawapendi kuhesabu watu. Hadithi ya asili ya Wakikuyu, ambayo inaanzia hapa hapa Murang'a, Mũkũrwe wa Nyagathanga, inasema Gĩkũyũ na Mũmbi walikuwa na mabinti kumi. Lakini husikii mzee akisema kumi. Anasema "kenda mũiyũru", yaani tisa iliyojaa. Kumtaja mtu kama idadi kamili ni kumwalikia mabaya. Kwa hivyo shosho alikaa kimya muda mrefu, na mimi nilidhani atakataa kabisa.

Akasema, "Wanane."

Mathe akageuka. Sisi tunajua saba. Sita walio hai, na mjomba mmoja aliyekufa kabla sijazaliwa. Saba.

"Maitũ, ni saba," mathe akasema pole pole.

"Ni wanane. Wa kwanza aliishi siku nne."

Hakuna aliyesema kitu. Karani akabonyeza tableti yake, akasema, "Pole, cucu," akaendelea na swali lingine. Mathe alikuwa na miaka arobaini na tatu na hakuwa amewahi kusikia juu ya huyo mtoto. Ilibidi mtu mgeni aje na tableti aulize ndiyo ajue. Huyo mtoto hayuko ndani ya 47,564,296, kwa sababu hiyo ni ya waliokuwa hai usiku ule. Lakini mahali fulani, kwa jedwali lingine, kuna moja yake. Nilikuwa nimekaa pale na nikaona shosho akishusha mabega, kama mtu ametua mtungi.

Shosho alifariki Oktoba hiyo hiyo. Matokeo ya sensa yakatoka Novemba. Wanaume 23,548,056. Wanawake 24,014,716. Na kwa mara ya kwanza Kenya ikahesabu watu wenye jinsia mbili, 1,524. Jumlisha hizo tatu, ni 47,564,296 kamili. Mimi sikuzisikia hata. Tulikuwa na matanga ya kusahau.

Namba ilinipata 2020. Mnakumbuka korona, shule zimefungwa kuanzia Machi, tumekaa tu. Mathe alikuwa ananipa kazi ya kufunga parachichi mbichi kwa gazeti ili ziive. Siku moja mwezi wa Julai nimeshika ukurasa wa zamani wa Novemba, na hiyo namba imeandikwa kubwa juu. Redioni walikuwa wanabishana kuhusu Seneti, vile pesa za kaunti zitagawanywa, na huku kwetu Mlima Kenya kila mtu alikuwa anaimba mtu mmoja, shilingi moja, kura moja. Nikaangalia ile namba nikafikiria, shosho yuko hapa ndani. Wapi sasa?

Nikachukua kitabu cha mazoezi nikaanza kuigawa. Sikuwa na sababu nzuri. Nilikuwa na muda na nilikuwa namkumbuka.

Shuleni tunafunzwa hesabu kwa Kizungu, kwa hivyo pengine hujawahi kusikia jina la Kiswahili: namba tasa. Hiyo ni namba ambayo huwezi kuipanga kwa mafungu sawa. Parachichi 23, kwa mfano. Jaribu mbili mbili, tatu tatu, tano tano, kila mara kuna zinazobaki. Unaweza kuziweka zote fungu moja ama moja moja, basi. Na namba yoyote ambayo si tasa unaweza kuivunja mpaka ubaki na namba tasa peke yake. Tena kila namba ina orodha yake moja tu. Hakuna namba mbili zenye orodha sawa. Ni kama alama za vidole pale unapochukua kitambulisho.

Sasa twende. 47,564,296 inaishia na 6, kwa hivyo 2 inaingia. Unapata 23,782,148. Tena kwa 2, 11,891,074. Tena, 5,945,537. Hapo 2 imekwisha. Jaribu 3: jumlisha tarakimu zake, 5 na 9 na 4 na 5 na 5 na 3 na 7, ni 38, na 38 haigawiki kwa 3, kwa hivyo hapana. 5 hapana, haiishii na 0 wala 5. 7 inabaki 3. 11 hapana. Nilikuwa karibu kuacha. 13... inaingia! 457,349. Nikaruka. 13 tena, hapana. 17 hapana. 19 inaingia! 24,071.

Na hapo nikakwama. 24,071 ilikataa kila kitu. Nilijaribu 23, 29, 31, mpaka jua likazama. Baadaye nilielewa kwamba kuna mahali pa kusimama. Kama 24,071 ingevunjika mara mbili, upande mmoja lazima uwe 155 ama chini, kwa sababu 156 mara 156 tayari ni 24,336, imepita. Kwa hivyo unajaribu namba tasa 36 tu, kutoka 2 mpaka 151. Zote zikigoma, yenyewe ni tasa. Zote ziligoma.

Kwa hivyo hii ndiyo alama ya vidole ya Kenya ya ule usiku: 2 mara 2 mara 2 mara 13 mara 19 mara 24,071. Toa kalkuleta uhakikishe, sitakasirika. Zile ndogo zote ukizizidisha unapata 1,976, na mathe wangu alizaliwa 1976. Najua ni bahati tu. Lakini nilimwonyesha, akacheka mara ya kwanza baada ya miezi.

Halafu nikajiuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike hii kitu. Kama karani hangeuliza "na cucu?", ingekuwaje?

Ingekuwa 47,564,295. Kwa macho ni tofauti ya kijinga, 6 imekuwa 5. Kwa gazeti bado ingeandikwa "milioni 47.6". Hakuna mtu angejua.

Lakini jaribu kuivunja. 2 haiingii tena hata mara moja. 13 haiingii. 19 haiingii. 24,071 haiingii. Badala yake 3 inaingia na 5 inaingia, ambazo mwanzo zilikataa. Hakuna hata kimoja kilichobaki. Nikajaribu upande ule mwingine, tuongeze mtu, 47,564,297. Hiyo pia imepoteza zote, na sasa 11 inaingia, ile iliyokataa nikiwa karibu kuacha.

Nilidhani ni hii namba tu ndiyo ya ajabu. Kumbe ni namba zote, na sababu yake shosho angeielewa kwa turubai. Tuseme una parachichi, umezipanga mafungu ya 13, na zimetoshea bila kubaki. Sasa toa moja. Fungu la mwisho lina 12. Limeharibika. Mafungu ya 19, vile vile, la mwisho litakuwa na 18. Ili ukubwa wa fungu utoshee kabla hujatoa na baada ya kutoa, ni lazima utoshee pia kwenye ile moja uliyotoa. Na fungu pekee linalotosha kwenye parachichi moja ni fungu la moja. Kwa hivyo namba mbili zinazofuatana haziwezi kuwa na namba tasa hata moja ya pamoja. Kamwe. Mgiriki anaitwa Euclid alitumia ujanja huu huu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kuonyesha kwamba namba tasa haziishi: zidisha zote unazozijua, ongeza moja, na hakuna hata moja kati ya hizo itagawa jibu bila kubakisha.

Moja tu. Iongeze ama uitoe, na kila kitu ndani kinabadilika.

Sasa najua kuna mtu ameshaanza kuandika kwa maoni. Binamu yangu alinijibu hivi hivi: "Lakini hiyo haibadilishi kitu. Shosho mmoja haleti barabara. Na hiyo sensa yenyewe unaamini ilipata kila mtu?"

Ni kweli, na sitajifanya. Hakuna sensa duniani inapata kila mtu. Kuna kaunti za kaskazini-mashariki ambazo hesabu zao zilifika mpaka mahakamani. Na hakuna ofisi ya serikali inayogawa pesa kwa kuangalia kama 13 inaingia. Ukigawa 47,564,296 kwa kaunti 47, kila moja inapata 1,012,006 na wanabaki watu 14, na hakuna shosho wa kusema "hao ni wenu". Kaunti hazijapangwa kama mafungu. Murang'a tulikuwa 1,056,640, wengine wako mbali juu, wengine mbali chini, na ndiyo maana Seneti ilikaa wiki na wiki ikibishana.

Lakini jibu langu kwa binamu ni hili. Ile namba haikuandikwa "milioni 47 na kitu". Iliandikwa mpaka 6 ya mwisho. Hiyo 6 ni ahadi. Inasema tulijaribu kukuona wewe, hata kama ulikuwa umelala kwa gari, ama umekuja mjini kwa kliniki. Wakikosea, wamekosea ahadi, na tuna haki ya kuwauliza. Wangesema tu "karibu milioni 48" hakuna ambaye angeweza kuuliza yuko wapi.

Na kuna kitu kingine kinaniuma. Sisi vijana tumezoea kusema "mimi ni mtu mmoja tu, nitabadilisha nini?" Tunaisema kuhusu kura, kuhusu kuchukua kitambulisho, kuhusu mkutano wa kata ambapo wanaamua maji yapite wapi. Tunaisema kwa sauti ya mtu mwerevu, kama ni hesabu. Mimi nimefanya hiyo hesabu. Nimeifanya kwa mkono, kwa kitabu cha mazoezi, nikiwa na mikono ya kunuka parachichi. Ukweli ni kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha ukubwa wa hiyo namba ukaonekana kwa gazeti. Lakini amebadilisha ndani yake yote. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na tumekuwa tukivichanganya.

Sisemi ukipiga kura 2027 mambo yatanyooka asubuhi yake. Si hivyo. Ninasema tu usiniambie ati hesabu ndiyo imekwambia ukae nyumbani. Hesabu haijasema hivyo.

Sensa nyingine inatarajiwa 2029. Wengi wenu hiyo siku ndio mtakuwa mnafungua mlango, si mathe wenu. Karani akikuuliza nani alilala hapa, fikiria kabla hujajibu. Rafiki aliye kwa kochi. Mtoto wa wiki moja ambaye hajapewa jina. Nyanya aliye kwa kona na maharagwe yake, ambaye mmezoea kuwa yeye ni wa kwingine. Wote ni hapo.

Mathe bado anauza matunda, na bado anapanga tano tano. Watoto wa ploti wanajua kusimama pembeni mwisho wa kupanga. Yule mtoto wa siku nne sasa ana jina. Mathe alimpa, kimya kimya, na tukitaja watoto wa shosho tunataja wanane.

Kazi yenu wiki hii: tafuta idadi ya watu wa kaunti yako ya 2019, uivunje mpaka zibaki namba tasa peke yake, uniandikie hapo chini. Nitawapa ya kwetu mwone vile inakaa: Murang'a, 1,056,640, ni 2 mara saba ikijizidisha, halafu 5, halafu 13, halafu 127. Ndiyo, 13 iko pia kwetu. Ukikwama, anza na 2. Na usiache kabla ya 13.